Kizimba Kwanza, Mbio Baadaye

Wahenga walinena kwamba mwenda pole hajikwai. Leo lakini, msomaji mpenzi, nina maneno mawili matatu juu ya wanaokwenda mbio, na naomba unistahimilie hadi mwisho, kwani najua wengi wetu huku Mombasa, Malindi na Lamu tukisikia habari za vijana na magari ya mashindano hatukawii kusema huo ni uhuni na israfu.

Mimi mwenyewe nilisema hivyo hivyo. Nilikwenda Nairobi kumtazama dada yangu anayekaa mtaa wa Umoja, huko Eastlands, nikamkuta mwanawe nyuma ya nyumba amelala chini ya gari. Lilikuwa Toyota Starlet, kigari cha mlango wa nyuma wa kuinuka, ambacho Toyota iliacha kukiunda mwaka 1999. Viti vya nyuma vilikuwa nje, zulia nje, hata bitana ya milango imekwisha kubanduliwa.

"Mwanangu, gari zima umelibomoa?" nikamwuliza.

Akatoka na grisi mikononi, akanipa kifundo cha mkono nikishike, akacheka. "Mjomba, silibomoi. Nalipunguza uzito."

Akanieleza, nami nikaona kwamba mna hekima ndani yake. Injini ikiongezwa nguvu, faida yake huonekana wakati wa kuondoka tu, lakini uzito ukipungua gari huondoka upesi, hukata kona vyema na husimama upesi. Tena kung'oa zulia hakugharimu senti. Baada ya hapo hununua pedi na mafuta ya breki yastahimiliyo joto, kwa sababu mafuta ya kawaida yakichemka pedali huzama hadi chini na gari halisimami. Injini huachwa mwisho kabisa.

Tusidhani kuwa haya ni ndoto za watoto. Mwaka 1965 Joginder Singh, fundi makanika mzaliwa wa Kericho, alishinda Safari Rally pamoja na nduguye Jaswant kwa Volvo PV544 lililokwisha kutumika. Na mwaka 1993 Patrick Njiru aliimaliza Safari kwa Subaru Vivio, kigari chenye injini isiyotimia hata lita moja, akawa wa kwanza katika daraja lake, ilhali Colin McRae wa Uskochi, aliyepewa kigari kama hicho, hakufika mwisho.

Basi ujuzi upo, na mikono ipo. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji, jirani na Pumwani ambako Waislamu wa Nairobi wana mizizi tangu miaka ya 1920, hukunja na kulehemu chuma kutwa kucha. Sioni kwa nini tumsifu fundi wa jahazi kisha tumdharau fundi huyu.

Lakini lipo jambo lililonitia hofu, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Gari la mashindano sharti liwe na kizimba cha mabomba ya chuma ndani yake, ili likipinduka paa lisimponde dereva. Mpwa wangu alikuwa ameahidiwa kizimba cha bei rahisi, cha mabomba ya maji. Ukikitazama hukuti kasoro: kimepakwa rangi, kinang'aa. Lakini bomba la maji halikuundwa kwa kazi hiyo, na aghalabu lina mshono ambao huweza kupasuka siku ya siku. Sheria za shirikisho la kimataifa, FIA, zinataka bomba kuu liwe la chuma kisicho na mshono, kipenyo chake milimita 45 kwa unene wa milimita 2.5, au 50 kwa 2. Tena miguu yake isimame juu ya mabamba yaliyolehemiwa sakafuni, isije ikatoboa bati lililoliwa na kutu.

Fedha za kizimba cha kweli alikuwa nazo, ila alikwisha kuzitia katika rimu za kumeremeta.

Chuoni tulifunzwa habari za yule mtu aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila kumfunga na amtegemee Mungu, naye Mtume (S.A.W.) akamwambia amfunge kwanza, kisha ategemee. Kizimba ndiyo kamba ya ngamia huyu wa bati.

Ama kuhusu mbio zenyewe, sisi hushindanisha punda Lamu siku za Maulidi wala hatuoni haya. Kilicho haramu ni kamari, na kilicho dhuluma ni kushindana usiku katika barabara wapitamo watoto wa watu. Lakini katika uwanja wa vumbi, chini ya waamuzi wa Kenya Motor Sports Federation, kila gari likishindana na saa, sioni ubaya. Wakuu wa Nairobi wangewatengea vijana wa Eastlands uwanja kama huo karibu na kwao, wangeokoa roho nyingi.

Nasi wazee tusikataze tu. Tuulize swali moja: kizimba ni cha bomba gani?

Wiki mbili baada ya kurudi Mombasa, mpwa wangu alinipigia simu. "Mjomba," akasema, "zile rimu nimeziuza."