Core i7 iliyomliza mama wa biharusi

Wiki hii tuyaweke kando mapishi na mavazi, tuzungumze kompyuta. Najua utasema, "Huyu naye kaanza lini ufundi?" Ufundi sina. Nina mpwa, na mpwa wangu alikuwa na kilio.

Binti huyu anakaa Mkunazini kwa mama yake, yaani dada yangu. Kazi yake ni kupiga video za shughuli za kina mama. Hapa kwetu mnajua wenyewe: ukumbi wa wanawake mwanamme haingii, na biharusi akishapambwa, nywele ziko nje, hataki picha yake izunguke mjini. Kwa hiyo anayepiga awe mwanamke, na anayehariri awe huyo huyo, nyumbani kwake. Mkanda hautoki nje. Hiyo ni riziki yake, na ni amana ya watu pia.

Kaka yake mdogo hana habari na harusi. Yeye na mpira wa kwenye kompyuta na magari ya GTA. Wakakubaliana wanunue mashine moja: mchana ya dada, usiku ya kaka. Pesa? Mama alipokea upatu wake, akawapa wote.

Wakaenda duka moja mjini. Wakaonyeshwa kompyuta ina kibandiko kinameremeta: Core i7. "Hii i7, dada, juu ya hii hakuna," muuzaji akasema. Bei tamu. Wakalipa, wakaipandisha kwenye ngazi za nyumba ile ya kale kama wamebeba mtoto mchanga.

Ikaja harusi ya kwanza. Saa mbili za video ya kisasa, ile safi ya 4K. Binti akaanza kuirenda, maana yake kuipika ile kazi mpaka iwe faili moja, baada ya sala ya Isha. Adhana ya Alfajiri ikamkuta yuko nusu ya safari, feni inavuma kama boti inayong'oa nanga Malindi. Mara umeme, paa! Ukakatika. Kazi ya usiku mzima, bismillahi upya.

Mama wa biharusi alikuja mara ya kwanza, akaambiwa kesho. Mara ya pili, kesho. Mara ya tatu alilia pale pale barazani, maana ndugu zake Muscat walikuwa wanaisubiri hiyo video na yeye kishaahidi. Akadai arubuni yake. Akarudishiwa.

Ndipo nikaitwa mimi. "Shikamoo mjomba. Hivi i7 si kubwa kuliko i5?"

Hapo ndipo walipouziwa mbuzi kwenye gunia. Ilikuwa i7 kweli, hakuna aliyewadanganya. Lakini ilikuwa i7-2600, ya mwaka 2011!

Sikiliza msomaji, hili ndilo la kushika. Prosesa ni ubongo wa kompyuta. Jina i3, i5 au i7 linakwambia cheo tu, na kila kizazi kina vyeo vyake. Kizazi chenyewe kimo kwenye namba inayofuata. Kwenye hizi Core i za kompyuta za mezani, kwa kawaida ondoa tarakimu tatu za mwisho, kinachobaki ndicho kizazi. i7-2600 ni kizazi cha 2. i5-12400 ni kizazi cha 12, iliyotoka mwaka 2022. Sajenti wa leo mwenye bunduki mpya anamshinda jenerali wa zamani mwenye mkuki.

Tuhesabu. Prosesa ina viini ndani yake, na kila kiini ni kama mpishi jikoni. Ile i7 ya 2011 ina wapishi 4. Hii i5-12400 wapo 6, tena kila mmoja ana mikono myepesi zaidi. Zaidi ya hapo, Windows 11 haiitambui rasmi ile ya zamani, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Unanunua nyumba ambayo mwenyewe kishaacha kuitengeneza.

Sasa mwenye pesa ya kati anunue ipi? Inategemea anataka nini.

Anayehariri video kama binti yetu, atazame Intel yenye grafiksi za ndani. Humo mna sehemu iitwayo Quick Sync, kazi yake khasa ni kufungua na kupika video, na programu nyingi za kuhariri zinaijua. Hiyo i5-12400 inamtosha. Akiongeza kidogo, i5-13400 ina viini 10: 6 vikubwa na 4 vidogo vya kusaidia.

Lakini angalia herufi ya mwisho! i5-12400F ni ndugu yake, ila haina grafiksi za ndani. Ukiichukua bila kununua kadi ya grafiksi, utawasha na kioo kitabaki kiza, ukamlaumu fundi bure. K maana yake inaweza kusukumwa kwenda mbio zaidi, lakini inataka umeme mwingi na kipoza kikubwa. i5-13600K ikikasirika inafika wati 181, wakati i5-12400 mwisho wake wati 117. Na joto letu la kaskazi mnalijua.

Anayecheza magemu, kama yule mdogo, habari yake nyingine. Magemu mengi yanaitegemea kadi ya grafiksi kuliko prosesa. Kwake yeye, AMD Ryzen 5 5600 yenye viini 6 inafaa, pesa inayobaki iende kwenye kadi, na kadi ni lazima kwa sababu prosesa hiyo nayo haina grafiksi za ndani. Mwenye uwezo zaidi achukue Ryzen 5 7600 ya mwaka 2023. Hiyo inakaa kwenye soketi mpya ya AM5, na AMD imeahidi kuendelea na soketi hiyo mpaka 2027 na zaidi. Maana yake kesho unaweza kubadilisha ubongo bila kubadilisha mwili. Ila inataka memori ya DDR5, ya zamani haiingii.

Wanaonunua mitumba ya Intel kizazi cha 13 na 14, nako kuna jambo. Mwaka 2024 Intel wenyewe walikiri baadhi ya prosesa hizo zilipata kasoro ya volti, wakatoa marekebisho ya BIOS. Muulize muuzaji: BIOS imesasishwa? Akikukodolea macho, nenda duka la pili.

Na usimalize pesa yote kwenye prosesa. Weka ya memori, GB 16 kwa kuanzia, na 32 kwa mwenye kuhariri 4K. Weka ya SSD. Na weka ya UPS, nakuapia! Umeme wetu wa Unguja unavuka bahari kwa waya kutoka bara. Mliokuwepo Disemba 2009 mpaka Machi 2010 mnakumbuka ile miezi mitatu ya kiza. UPS haitakuvusha miezi mitatu, lakini itakupa dakika za kuhifadhi kazi yako na kuizima mashine kwa salama. Ile Alfajiri ya binti isingemwagika yote.

Ukifika dukani, usisome kibandiko. Kibandiko hubandikwa na yeyote. Mwambie muuzaji awashe, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu ya utendaji, gusa CPU. Jina kamili litatokea hapo juu, na namba zake zote. Muuzaji mwaminifu hatachukia. Anayekwambia "usihangaike dada, hii ni i7", mpe salamu uondoke. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Mtaniuliza, wale wapwa zangu ikawaje? Ile i7 waliiuza kwa hasara. Binti akasubiri zamu nyingine ya upatu, akachukua i5-12400 isiyo na F, pamoja na UPS ya mtumba. Kaka mtu bado anasubiri kadi ya grafiksi. Kwa sasa anacheza mpira wake kwa picha za chini, analalamika kila siku, lakini anacheza.

Juzi binti alipeleka video ya shughuli ya Kikwajuni siku aliyoahidi. Akaletewa sahani ya halua na shukurani. Lakini yule mama wa kwanza, wakikutana Darajani, bado anageuza shingo. Pesa alirudishiwa. Ahadi aliyowapa ndugu zake Muscat haikurudishika.

Basi msomaji, kabla hujaivunja akiba ya mama, soma namba. Tukijaaliwa, tukutane wiki ijayo.