Sayansikimu Haifundishwi kwa Chaki

Vijana wenzangu, nimesoma shule ya msingi Handeni. Mwalimu alichora jiko ubaoni, tukanakili, tukafanya mtihani, basi! Kupika hatukupika, hata maji ya shule tulibeba kwa madumu kutoka nyumbani.

Nilipopanga chumba Korogwe, mshahara ukawa unakata kabla ya tarehe kumi na tano. Bajeti sikuijua, ugali ulinishinda.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea. Leo watawala wanajisifia madarasa. Sawa, lakini jiko, maji na bustani viko wapi? Tudai vitu hivyo, wavulana na wasichana wapike pamoja. Mtoto aliyezoea kuhesabu unga na maharage ya nyumbani kesho atahoji hesabu za halmashauri. Au ndicho wanachoogopa?