Maduka ya Elektroniki na Muuzaji Aliyefukuzwa

Machi 2007 kampuni ya Circuit City, iliyokuwa ya pili kwa ukubwa nchini Marekani katika biashara ya rejareja ya vifaa vya elektroniki, iliwaachisha kazi wauzaji wapatao 3,400 kwa mpigo. Hawakuwa wameiba wala kuzembea, na maduka waliyofanyia kazi hayakuwa yamefungwa. Sababu iliyotolewa na kampuni yenyewe ni kwamba walikuwa wakilipwa zaidi ya kiwango cha soko. Waliambiwa kwamba anayetaka anaweza kuomba kazi upya baada ya wiki kumi, kwa ujira wa chini. Novemba 2008 kampuni hiyo ilikimbilia mahakamani kuomba ulinzi dhidi ya wadai wake, Januari 2009 ikatangaza kwamba inafunga, na ilipofika Machi maduka yake yote 567 yaliyokuwa yamebaki Marekani yalikuwa matupu, huku wafanyakazi zaidi ya 30,000 wakiwa hawana kazi.

Kifo hicho, pamoja na vingine vilivyokitangulia na kukifuata, huelezwa kwa sentensi moja: Amazon imewamaliza. Ukiitazama orodha ya marehemu ni rahisi kukubali. CompUSA ilitangaza kufunga zaidi ya nusu ya maduka yake mwaka 2007. Uingereza ilipoteza Comet mwishoni mwa 2012 na Maplin mwaka 2018. RadioShack ilifilisika Februari 2015, ikafilisika tena Machi 2017. Fry's Electronics, yale majengo makubwa ya California ambako wahandisi wa Silicon Valley walinunua vipuri vyao, ilifunga milango ghafla Februari 2021. Hakuna hata moja kati ya hizo ambayo haikuguswa na intaneti. Hata hivyo sentensi ile ina hatari yake, kwa sababu inamwondolea kila mtu lawama: mwenye kampuni, mtunga sheria na mnunuzi wote wanageuka watazamaji wa nguvu isiyozuilika. Mimi nashikilia kwamba intaneti iliyakuta mengi ya maduka haya yameshaanza kukitupa kitu ambacho tovuti ilishindwa kukiuza, yaani mtu anayeijua bidhaa, anayesimama mbele ya mteja na kubeba dhamana ya maneno yake.

Anayenunua kilo ya sukari anakijua anachokinunua. Anayenunua televisheni hakijui. Anaona namba na vifupisho kwenye boksi, hajui vipi vina maana na vipi ni mapambo, na bei ni kubwa kiasi kwamba akikosea atalibeba kosa lake miaka mingi. Kwa hiyo duka la elektroniki tangu mwanzo lilikuwa linauza vitu viwili kwa pamoja, kifaa na maelezo, na mnunuzi alikuwa radhi kulipa zaidi kidogo kwa ajili ya cha pili. Samuel Wurtzel alipofungua duka lake Richmond, Virginia, mwaka 1949, televisheni ndiyo kwanza ilikuwa inaingia Kusini mwa Marekani, na watu walihitaji kuelezwa hata namna ya kuiwasha. Kutoka katika duka hilo ndipo ilipokua Circuit City, ikitegemea wauzaji waliolipwa kwa kamisheni na waliozifahamu bidhaa zao. Mwaka 2003 kampuni iliifuta kamisheni na kuwaondoa wauzaji wapatao 3,900. Miaka minne baadaye ikaja ile fukuzafukuza ya 2007. Katika mahesabu ya robo mwaka hatua zote mbili zilionekana kuwa akiba. Dukani, mteja alimkuta kijana anayesoma maandishi ya kwenye boksi kama yeye mwenyewe anavyoyasoma, na akajiuliza kwa nini amepoteza petroli kuja hapo.

Kuna atakayesema kwamba muuzaji wa kamisheni hakuwa malaika. Ni kweli. Wengi walimsukumia mteja waranti ya nyongeza asiyoihitaji, au televisheni yenye kamisheni nono kuliko inayomfaa, na hasira za wateja wa miaka ile zilikuwa na msingi. Lakini Best Buy, mshindani mkuu wa Circuit City, ilikuwa imeachana na kamisheni tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuwalipa wauzaji wake ujira wa kawaida, na ilikua hadi kumpita mwenzake. Kwa hiyo namna ya kulipa ni jambo linaloweza kupangwa upya. Kilichoiumiza Circuit City ni uamuzi wa kumhesabu anayejua kazi kuwa gharama ya kupunguza, wakati yeye ndiye aliyekuwa sababu ya mteja kuingia mlangoni.

Sheria nayo ilichangia, na jambo hili halisemwi vya kutosha. Mwaka 1992, katika kesi ya Quill dhidi ya jimbo la North Dakota, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba jimbo haliwezi kumlazimisha muuzaji kukusanya kodi ya mauzo kama hana duka, ghala au wafanyakazi katika jimbo hilo. Kesi ilihusu biashara ya kuagiza kwa katalogi. Wakati huo Amazon ilikuwa bado haijazaliwa. Lakini uamuzi huo ukageuka kuwa ruzuku kwa biashara ya mtandaoni kwa miaka 26, hadi Juni 2018, mahakama hiyohiyo ilipoutengua kwa kura 5 dhidi ya 4 katika kesi ya South Dakota dhidi ya Wayfair. Chukua California, ambako kiwango cha chini cha kodi hiyo sasa ni asilimia 7.25. Televisheni ya dola 1,000 ikinunuliwa dukani inaongezeka dola 72.50 pale kaunta. Aliyeagiza kwa muuzaji wa mbali alitakiwa kisheria ailipe kodi hiyo mwenyewe, na karibu hakuna aliyefanya hivyo. Katika biashara ambayo faida yake kwa kila televisheni ni nyembamba mno, pengo hilo peke yake lilitosha kumpeleka mteja kwingine baada ya kulitumia duka kama chumba cha maonyesho: anaishika bidhaa, anauliza maswali, kisha anaagiza kwa simu akiwa bado yuko kwenye maegesho. Amazon ilianza kukusanya kodi katika jimbo moja baada ya jingine kabla ya 2018, lakini kufikia hapo marehemu wengi walikuwa wameshazikwa.

Pingamizi zito kuliko yote ni lile linalohusu bidhaa zenyewe. Simu janja imemeza kamera, redio, kinasa sauti, kikokotoo, saa ya kengele na ramani ya garini. Kila kimoja kilikuwa na rafu yake, na rafu hizo zikabaki hazina cha kuwekwa. Hili silikatai, na linaeleza mengi kuhusu RadioShack. Kampuni hiyo ilianzishwa Boston mwaka 1921 kuwahudumia wapenzi wa redio, na mwaka 1977 ikatoa TRS-80, moja ya kompyuta za kwanza ambazo mtu wa kawaida aliweza kuzinunua dukani na kuzipeleka nyumbani. Mteja wake alikuwa mtu wa kushika chuma cha kulehemu. Simu zilipoanza kuleta fedha za haraka, maduka yake yakageuka vibanda vya kuuza mikataba ya mitandao ya simu, na droo za vipuri zikasogezwa nyuma. Kampuni za simu zilipojijengea maduka yao wenyewe, RadioShack ikawa haina cha kwake. Wakati huohuo kizazi kipya cha vijana wanaotengeneza vifaa kwa mikono kilikuwa kinachipuka. RadioShack ilipojaribu kuwarudia, walishazoea kuagiza kwa posta. Simu janja ilizifuta bidhaa nyingi, lakini kumwacha mteja anayetaka kuelewa jinsi kifaa kinavyofanya kazi ulikuwa uamuzi wa wakubwa wa kampuni.

Mfano wa Best Buy ndio unaonifanya nikatae kwamba kifo hiki kiliandikwa. Mwaka 2012 wachambuzi wengi walikuwa wameshaitabiria mwisho, ikiwa na hasara ya zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka wa fedha uliokuwa umetoka kuisha. Mkurugenzi mpya, Mfaransa Hubert Joly, aliianza kazi kwa kukaa siku kadhaa katika duka la St. Cloud, Minnesota, akiwasikiliza wauzaji. Kisha akaahidi kwamba duka litalinganisha bei zake na za mtandaoni, akawarudishia wafanyakazi punguzo la bei walilokuwa wamenyang'anywa, akaongeza mafunzo, na akayageuza maduka kuwa pia maghala ya kutuma mizigo. Kampuni ikasimama. Ni kweli kwamba kufa kwa Circuit City kuliiachia uwanja, na ni kweli kwamba Februari 2021, Joly akiwa ameshaondoka kwenye ukurugenzi, iliwapunguza wafanyakazi wapatao 5,000, wengi wao wa muda wote. Mauzo yake nayo yameshuka, kutoka zaidi ya dola bilioni 51 katika mwaka wa fedha ulioishia Januari 2022 hadi karibu bilioni 41.5 katika ule ulioishia Februari 2025. Sidai kwamba muuzaji mjuzi ni kinga ya milele. Nadai kwamba aliinunulia kampuni iliyokuwa imehukumiwa kufa zaidi ya miaka kumi, wakati waliomfukuza hawakumaliza hata miwili.

Wapo wanaosema mnunuzi ndiye aliyeshinda: bei zimeshuka na maoni ya maelfu ya wanunuzi yako wazi kwenye simu yake. Bei zimeshuka kweli, na kwa familia ya kipato kidogo hilo ni jambo kubwa. Kuhusu maoni nina shaka zaidi. Biashara ya maoni ya kughushi imeota mizizi kiasi kwamba mwaka 2024 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ililazimika kutunga kanuni maalumu ya kuyapiga marufuku. Hata yakiwa ya kweli, maoni hayawezi kukuuliza chumba chako kina ukubwa gani, na hayapo siku kifaa kinapogoma kuwaka.

Hapa Afrika Mashariki swali hili halijafika kwa sura ileile. Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo na Luthuli Avenue jijini Nairobi bado ina msongamano, na Jumia, kampuni ya kuuza mtandaoni iliyokuja na ahadi kubwa, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Mnunuzi wetu ana sababu ya kutaka kuiona simu ikiwashwa mbele yake: Kenya ilizizima simu bandia mwaka 2012 na Tanzania Juni 2016, na waliopata hasara ni wale walionunua bila kujua. Lakini nguvu hiyo isitulevye. Wauzaji wetu wengi wameshahamia Instagram na WhatsApp, vifurushi vinaagizwa moja kwa moja kutoka China, na maduka mengi bado yanachapisha kwenye risiti kwamba mali ikiuzwa hairudishwi. Duka lenye sharti hilo linamwambia mteja kwamba kufika kwake dukani hakumpi faida yoyote zaidi ya kununua kwa mtu asiyemwona. Likija jukwaa la mtandaoni litakalopokea bidhaa mbovu na kurudisha fedha bila ugomvi, duka hilo halitakuwa na la kujitetea.

Kwa hiyo mamlaka za kodi zihakikishe mapema kwamba anayeuza kwa tovuti au kwa ukurasa wa mtandaoni anabeba mzigo uleule wa kodi anaobeba mwenye fremu Kariakoo, zisisubiri miaka 26 kama Wamarekani. Wenye maduka wawafundishe vijana wao wa kaunta, wawalipe vizuri, na waandike waranti inayotekelezeka. Nasi wanunuzi, tukishapewa nusu saa ya maelezo na mtu anayejua kazi yake, tununue kwake, na tudai risiti.