Mashine Nayo Yahitaji Amri Iliyo Wazi

Kila askari aliyepitia chuo cha mafunzo amefundishwa kwamba amri lazima iwe fupi, kamili na isiyokuwa na maana mbili. Fundisho hilo la zamani limepata leo uwanja mpya, nao ni uwanja wa kompyuta zenye akili bandia. Kompyuta hizo hazijibu maswali tu, bali hupewa kazi na kuitenda: kutafuta kumbukumbu, kutuma taarifa, kupanga zamu. Mashine ya namna hiyo huitwa wakala. Hapa Kampala wapo wataalamu wa fani hii, wakiwamo wale wa shirika la Sunbird AI walioshughulikia lugha za Uganda. Kwa hiyo, yafaa sisi wa majeshi na polisi tuelewe mapema jinsi wakala anavyopokea amri.

Wakala hutenda kwa zana alizopewa. Zana ni programu ndogo yenye kazi moja, mathalani kusoma daftari la matukio. Katika utaratibu uitwao Model Context Protocol, uliotangazwa na kampuni ya Anthropic ya Marekani mwezi Novemba 2024, zana hujulishwa kwa jina lake, kwa maelezo ya maneno ya kawaida, na kwa orodha ya habari zinazopasa kujazwa. Kwa kawaida wakala haoni yaliyomo ndani ya zana. Husoma maelezo hayo, kisha huamua atumie zana ipi na ajaze nini. Maelezo hayo, basi, ndiyo amri yenyewe.

Historia ya vita yatuonya. Tarehe 25 Oktoba 1854, huko Balaclava katika vita vya Crimea, Lord Raglan wa Uingereza alitoa amri kwamba wapanda farasi wasonge mbele na kumzuia adui asiondoe mizinga. Hakutaja mizinga ipi. Yeye alikuwa juu kilimani akiiona yote. Lord Lucan alikuwa chini bondeni, asiione ile iliyokusudiwa. Wapanda farasi wapatao 670 wakaelekezwa penye mizinga mingine, mwisho wa bonde, na zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Mwandishi wa maelezo ya zana yuko kilimani. Wakala yuko bondeni.

Tuchukue mfano wa kwetu. Tuseme ipo zana ambayo maelezo yake ni haya tu: hutuma doria mahali na saa iliyotajwa. Linakuja ombi la doria Busia, saa mbili. Busia ipi? Ipo ya Uganda, na ng'ambo ya mpaka ipo ya Kenya. Saa mbili ipi? Kwetu saa mbili ya asubuhi ni 0800, lakini kwa hesabu ya Kizungu ni 0200. Ikitajwa faini ya shilingi, ni za Uganda au za Kenya? Koplo angeuliza, maana kuuliza si ujinga. Mashine yaweza kuchagua jibu moja na kuendelea bila kusita.

Maelezo mema hutaja zana inafanya nini, itumike lini na isitumike lini. Huagiza saa iandikwe kwa tarakimu nne, kuanzia 0000 hadi 2359, kwa saa za Afrika Mashariki. Mahali paandikwe pamoja na wilaya na nchi. Fedha ziwe shilingi za Uganda. Namba ya kitambulisho cha taifa iwe na herufi na tarakimu 14 kamili. Huagiza pia kwamba habari ikipungua, wakala aulize kwanza. Majina nayo yatenganishwe vyema: kutafuta kumbukumbu na kufuta kumbukumbu hutofautiana kwa silabi moja tu, lakini madhara yake ni mbali kama mbingu na ardhi.

Hata hivyo, maneno pekee si ngome. Zana ya kufuta au ya kulipa ifungwe ndani yake, isifanye kazi mpaka afisa aidhinishe. Tena, zana inayotoka nje ikaguliwe kama mgeni langoni mwa kambi, kwa sababu mtu mwovu aweza kuficha amri zake ndani ya maelezo, na wakala akazitii.

Kipimo ni rahisi. Wapeni maelezo askari wawili wasioijua zana hiyo, kila mmoja peke yake, waeleze wangefanya nini. Wakitofautiana, yaandikwe upya. Mashine haina cheo wala haishitakiwi mbele ya mahakama ya kijeshi. Dhamana inabaki kwa aliyeandika amri na kwa aliyeiidhinisha.