Moshi Sio Uoga

Kuna maneno yamezoeleka kwa skwadi nyingi: ukimaliza mtu na guruneti ama ukitoroka ndani ya moshi, unaambiwa hujui kucheza. "Kuja tupigane na bunduki, wacha uoga." Mimi hiyo nakataa kabisa.

Chukua PUBG Mobile, juu ndiyo wengi wetu tunacheza. Mko watu 100 kwa mechi. Kuna msee ako na simu kali, fremu 90 kwa sekunde. Wewe yako inashika moto mechi ikiwa katikati, fremu zinashuka, na hapo bado intaneti haijaanza vituko vyake. Mkikutana uso kwa uso na bunduki aina moja, anakuona mapema na anapiga kabla hujajua nini inaendelea. Watu wanaita hiyo kipaji. Nusu yake ni bei ya simu.

Guruneti haijali simu yako. Inataka hesabu tu. Unatoa pini, unashika, unaangalia sekunde zikipungua, unarusha ndiyo ilipuke ikitua. Mwenye amejibanza nyuma ya ukuta hana pa kukimbilia. Molotovu nayo si lazima iue mtu. Washa ngazi moto na umemfungia juu, na duara ikisonga lazima aruke dirisha. Wewe uko chini umelenga hilo dirisha.

Lakini moshi ndio wenyewe, na ndio watu wanaacha chini wakibeba risasi 400 ambazo hawatawahi kumaliza. Mwenzako ameangushwa kwa uwanja wazi. Kumfufua ni kama sekunde 10, na hapo bila moshi mnakufa wawili. Sasa kuna wale hurusha moja tu, pale pale mwenzao ameanguka. Hiyo ni kuonyesha adui mahali pa kumwaga risasi, na atamwaga! Rusha ya kwanza kati yako na yeye, zingine zitanue ukuta, asijue mko upande gani. Ama mpe moshi kushoto aushughulikie, nyinyi mpite kulia.

Mwenye anatumia programu ya kulengewa na kuona watu kupitia ukuta, huyo ni mwizi, mripoti. Lakini guruneti iko sakafuni kwa nyumba ile ile umepitia ukakimbilia skopu. Hakuna mtu alikukataza kuiokota. Usiniletee mambo ya heshima baada ya kulipuliwa.

Begi ina kipimo, najua. Yangu inabeba moshi nne, guruneti tatu, molotovu moja, risasi 200 hivi. Ile bomu ya kupofusha macho sijaona kazi yake sana, mwenye anaijua anifunze.