Mchezo Uliofanywa Upya ni Tafsiri

Mchezo wa video ukifanywa upya, mabishano yetu huishia kwenye picha: za zamani zilikuwa duni, za sasa zinapendeza. Kipimo hicho hakitoshi. Mchezo uliofanywa upya ni tafsiri, na sisi wa kitivo cha lugha tunajua jinsi tafsiri inavyopimwa.

Tuchukue Spy Hunter, mchezo uliotolewa Marekani na Bally Midway mwaka 1983 kwa mashine za kutiwa sarafu. Mchezaji huliona gari lake kutoka juu, akiwa jasusi kati ya maadui na wasafiri wa kawaida. Hasimuliwi mengi, sheria zenyewe ndizo zinazosema. Gari lisilopenya risasi hana budi kulisukuma nje ya barabara. Akimwangamiza raia, alama zake husimama kwa muda: hahubiriwi, lakini anaelewa. Lori likitokea, hulipanda kwa nyuma na kutoka na silaha mpya. Barabara haina mwisho.

Mwaka 2001 Midway iliutoa upya kwa PlayStation 2. Sasa gari huonekana kwa nyuma, lakini bado hugeuka mashua likiingia majini. Lori la silaha lipo, na muziki wa Peter Gunn wa Henry Mancini umepigwa kwa magitaa ya roki. Hapa mfasiri alifanya kazi nzuri, kwani vitenzi vya mchezo vimebaki: kukimbiza, kupiga, kusukuma, kugeuka. Kilichobadilika ni sentensi. Barabara imekatwa vipande, kila kipande na orodha ya malengo yake, na adui amepewa jina na nia ya kuitawala dunia.

Wako watakaoutetea, na wana hoja. Mashine ya sarafu ilitaka mchezaji ashindwe upesi ili atie sarafu nyingine. Aliyenunua diski amekwisha kulipa, hivyo anastahili mwisho wa hadithi. Nakubali: hadhira ikibadilika, tafsiri nayo hubadilika. Lakini orodha ya malengo ni jambo jingine. Inamtangazia mchezaji mapema yale ambayo zamani aliyagundua mwenyewe njiani. Ni sawa na mfasiri anayepachika ufafanuzi wa methali ndani ya methali yenyewe: maana inafika, methali inakufa.

Kishawishi hicho kinatukabili sisi pia. Tunapoandika kwa Kiswahili sanifu ngano iliyosimuliwa kwa Kiswahili cha Lubumbashi au cha Bukavu, tunaona mapengo na mkono unawasha: tueleze kwa nini sungura alinyamaza, tutaje funzo, tumpe kila mtu sababu. Tunaita hilo kusahihisha. Mara nyingi pengo halikuwa kosa. Msimuliaji aliliacha makusudi ili msikilizaji afanye kazi. Tukilijaza kwa niaba yake, tumempa msomaji maneno mengi zaidi na hadithi ndogo zaidi.