Usianze na Mpingo

Kijana mmoja wa Korogwe, mwenye mke na mtoto, ameniandikia barua ya masikitiko. Alinunua mashine ndogo ya kukereza mbao kwa akiba ya miaka miwili, na baba yake akamletea gogo la mpingo kutoka Handeni. Siku ya kwanza patasi ilinasa, gogo likachomoka na kumpasua juu ya jicho. Sasa mkewe ataka mashine iuzwe. Aniuliza kama mama huyo ana haki.

Ya kuogopa anayo. Lakini mashine haikukosa.

Mpingo ni mzito hata huzama majini, na ugumu wake hula makali ya chuma upesi mno. Watengenezaji wa klarineti na zumari huko Ulaya huuthamini kwa ugumu huo huo. Vumbi lake huwasha ngozi na kukera kifua. Tena mti huu huchukua kiasi cha miaka 70 au zaidi kukomaa, na kuukata bila kibali ni kosa la jinai. Gogo hilo lipakwe nta kwenye ncha zake lisipasuke, liwekwe kivulini, limngoje mwenyewe ajifunze.

Mwanafunzi na aanze na mwembe, ambao Korogwe si haba. Achague tawi bichi lisilo na fundo wala ufa, nene kama sentimita 6, alichonge kwa tezo likaribie mviringo, kisha alibane kati ya ncha mbili za mashine. Egemeo la patasi lisogee karibu na mti, upana wa kidole tu. Auzungushe mti kwa mkono kwanza kuona kama haugongi. Ndipo awashe, kwa mwendo mdogo kuliko yote.

Hapa naomba usome mara mbili. Patasi haisukumwi ndani ya mti. Twaa bobari pana, ilaze juu ya egemeo, na mgongo wa makali uguse mti bila kukata. Kisha inua mpini polepole mpaka unyoya wa kwanza utoke. Ncha ikitangulia, mti huinyakua. Nadhani ndivyo ilivyokuwa siku ile.

Mikono mirefu ya shati, khanga begani, pete na saa, vyote viwekwe kando. Miwani ya kukinga macho ni lazima, na kitambaa puani. Mtoto asisimame mbele ya mti unaozunguka.

Bakuli bado. Kijana aanze na mchi wa kutwangia viungo, ampe mkewe; na mashine isiuzwe kabla ya miezi mitatu kupita. Mafundi wa kale wa Pwani walikereza kwa uta na kamba, bila umeme wowote.

Juma lijalo nitaeleza namna ya kunoa bobari kwa jiwe la mkono, kwa wasio na kinoo cha umeme.